Haki ya Kumkataa Hakimu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Visiwani wakaao Temeke na Mbagala)

 

Mmenitaka niseme neno juu ya hakimu anayeombwa ajitoe katika kesi. Mimi si mwanasheria, ni muuza duka. Lakini tangu chuoni tulifunzwa kwamba kadhi hamhukumii mzazi wake wala mwanawe, wala haketi kuhukumu hali ana ghadhabu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo, katika Rufaa ya Madai namba 13 ya mwaka 1999, ilitaja sababu tatu: uhasama baina ya hakimu na mdaawa, ukaribu wake na upande mmoja, na maslahi yake au ya jamaa zake katika shauri. Hofu za kubuni haikuzikubali.

Basi itazameni kesi ya Bwana Freeman Mbowe na wenzake watatu, iliyosikilizwa katika mji huu huu. Septemba 2021 Jaji Elinaza Luvanda aliyatupa mapingamizi yao. Wakasema hawana imani naye tena, naye akajitoa. Kukataliwa pingamizi si mojawapo ya zile sababu tatu, na kwa kanuni ile angeweza kubaki. Mimi nasema alifanya vyema. Mteja akiniambia "pima tena" nami nikaghadhibika, nimekwisha mthibitishia shaka yake.

Wala hawakupata jaji wa kuwapendelea. Jaji Mustapha Siyani naye alilikataa pingamizi lao juu ya maelezo ya mshitakiwa mmoja, kisha akaondoka kwa kuwa alikwisha teuliwa Jaji Kiongozi. Wa tatu, Jaji Joachim Tiganga, aliamua Februari 2022 kwamba wanayo kesi ya kujibu. Machi 4 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi, na hukumu haikutolewa.

Wako miongoni mwetu, nawasikia hapa barazani, wanaotaka kila jaji akataliwe kwa kuwa kateuliwa na Rais. Ndugu zangu, majaji wote wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais! Tukiwakataa wote, shauri letu tutalipeleka kwa nani?

Amma sisi wenyewe: Jumamosi kamati ya tawi itasikiliza malalamiko juu ya fedha za mchango wa mazishi. Mlalamikaji ni shemeji yangu, nami ni mjumbe wa kamati. Nimekwisha mwandikia Katibu kwamba sitaketi. Naomba leo, kabla hatujatawanyika, mchague mwingine.