KAZI IKIJA, KODI YA NYUMBA HUPANDA: MWENYEJI WA SINGIDA ASIBAKI NJE

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Singida mjini



Tumeombwa tuseme juu ya jambo linalomgusa kila mtu alalaye chini ya paa, nalo ni bei ya viwanja na kodi ya nyumba. Wengi wetu twadhani kodi hupanda kwa tamaa ya mwenye nyumba tu. Tamaa ipo, wala hatuikani. Lakini mwenye nyumba aweza kutaka shilingi laki moja kwa chumba kimoja. Asipotokea mtu mwenye laki moja, chumba kitalala popo. Tamaa hupata nguvu pale fedha inapoingia mjini, na fedha huingia kwa mlango wa kazi. Basi mtu atakaye kujua kodi ya mwaka ujao na aulize kwanza ni kazi gani inakuja.

Tazameni mkoa wetu. Desemba 2021 ulitiwa saini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, yenye kupita Manyoni. Machi 2023 mgodi wa Ikungi ulitoa dhahabu yake ya kwanza. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, nalo limepewa njia katika ardhi ya mkoa huu. Na watu tumeongezeka: hesabu ya mwaka 2012 ilitukuta watu 1,370,637, na ile ya mwaka 2022 ikatukuta 2,008,058. Mambo haya twayapokea kwa furaha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini yatupasa tuulize: je, mwenyeji anapona kweli?

Neema hii ina utaratibu wake wa kuingia. Kitu cha kwanza kupanda bei ni kiwanja. Habari za mradi zikivuma tu, kabla mtu hajalipwa mshahara hata mmoja, huja walanguzi na fedha mkononi, na mwenye shamba kando ya mji huuza ekari nzima kwa bei aionayo kubwa siku ile. Wa pili kufika ni mafundi, madereva na wapimaji wenye posho. Hawa hawagombani juu ya kodi, maana wengi wao hulipiwa na mwajiri. Jirani akisikia chumba cha mwenzake kimepata bei mpya, naye hupandisha chake, ingawa ukuta ni ule ule na bati ni lile lile. Wa mwisho ni kijana mwenyeji aliyepata kibarua, na pamoja naye mwalimu, muuguzi na mama ntilie, ambao mapato yao hayakuongezeka hata senti moja kwa sababu mgodi umefunguliwa.

Tufanye hesabu, iwe mfano tu. Kibarua apata shilingi 10,000 kwa siku, na kwa siku 24 apata 240,000. Chumba kilichokuwa 30,000 kwa mwezi sasa ni 50,000. Mwenye nyumba ataka kodi ya miezi sita mbele: 300,000. Dalali naye ataka kodi ya mwezi mmoja: 50,000. Jumla ni 350,000. Kijana huyu atoe karibu mshahara wa mwezi na nusu kabla hajanunua unga wala godoro! Basi hukaa mbali na kazi, akaamka usiku kutembea, au hulala wanne katika chumba kimoja. Hivyo kazi iliyoletwa kwetu yamsukuma mwenyeji nje ya mji wake.

Wengine watauliza, kwa nini watu wasijenge vyumba zaidi ili kodi ishuke? Swali ni zuri. Hawajengi upesi kwa sababu viwanja vingi havijapimwa, na pasipo hati benki haikopeshi kwa urahisi. Saruji yatoka mbali, na kila kilomita ya lori huongeza bei yake. Tena mwenye fedha huona afadhali ajenge gesti ya wasafiri na madereva wa malori, kwa sababu fedha yake hurudi upesi kuliko ya chumba cha mpangaji.

Lakini tusidhani kinachopanda hakishuki. Ujenzi wa reli na wa bomba una mwisho wake. Mafundi watafunga mizigo waende kwingine. Sisi tuna ushahidi nyumbani. Sekenke, katika Iramba, Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909, na Waingereza wakaendelea baada yao. Dhahabu ilikwenda ng'ambo, mgodi ukafungwa, wala Sekenke haikuachiwa mji mkubwa. Basi mtu anayekopa leo ajenge vyumba ishirini kwa kutegemea kambi ya ujenzi na ajihadhari, maana deni halifungi mizigo pamoja na mafundi.

Msingi wa kudumu wa nyumba zetu ni shamba. Kila mmoja wetu ameona: mwaka ambao alizeti na vitunguu vimepata bei nzuri, baada ya mavuno mabati mapya hung'aa vijijini, na tembe huachia nafasi nyumba za matofali. Mwaka ambao mafuta ya kula ya bei rahisi yameingia kutoka nje na alizeti ikashuka, msingi huota nyasi. Kwa hiyo ushuru wa mafuta yatokayo nje si habari ya wafanyabiashara peke yao. Ni habari ya paa la mkulima wa Mkalama na Iramba.

Ndugu zangu, nchi hii ililiona jambo la nyumba mapema. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Baadaye njia ilibadilika: mwaka 1991, Zanzibar, sharti lile la viongozi lililegezwa, na sheria ya mwaka 1984 iliyozuia kodi kupandishwa ovyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo ngao kubwa ya mpangaji ni mkataba wake. Wala mwenye nyumba si adui. Wengi ni wajane na wastaafu wenye vyumba viwili vya uani, na kodi hiyo ndiyo ada ya watoto.

Basi twataka nini? Kwanza, halmashauri zipime viwanja kabla ya mradi kufika, na wenyeji wapewe nafasi ya kwanza. Pili, waajiri wakubwa wawajengee wafanyakazi wao nyumba, na nyumba hizo zibaki kuwa mali ya mji kazi ikiisha. Tatu, kila upangaji uwe na maandishi, na kodi ilipwe kwa mwezi au kwa miezi mitatu. Nne, vijana wa kibarua waunde ushirika wa ujenzi, wafyatue matofali pamoja na kujengeana kwa zamu. Tano, anayepata fidia ya ardhi asiile yote. Ajenge chumba, na hati iandikwe kwa jina la mume na la mke.

Na wewe mwenye ekari yako kando ya mji, usiuze kwa papara. Pima kwanza. Ukilazimika kuuza, uza kiwanja kimoja, na kwa fedha yake ujenge kwenye kinachobaki. Dhahabu ikichimbwa huisha. Ardhi iliyouzwa hairudi kwa bei ile ile.

Uhuru na Kazi!