Kilichomo Ndani ya Kokwa ya Tende

Kokwa ya tende ni mbegu ya mtende, nayo huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tunda. Kanyaruchinya, kaskazini mwa Goma, juu ya mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, mtende hauwezi kuivisha tunda: mvua ni nyingi na joto ni la nyuzi 20 hivi, ilhali tende hutaka miezi ya jua kali na hewa kavu. Tende hufika huko zimekwisha kukauka, hasa mwezi wa Ramadhani, na baada ya futari kokwa hutupwa. Mkindu, ndugu wa mtende anayeota porini Afrika Mashariki, huzaa matunda madogo yenye nyama haba.

Ikishikwa mkononi, kokwa ina mfuo mrefu upande mmoja, na upande wa pili kidoa cha mviringo. Hapo ndipo kiini kilipolala. Sehemu iliyobaki ni akiba ya mche, iliyofungwa katika sukari za mnyororo zilizo ngumu kiasi cha kushinda meno. Mwaka 2005 kokwa iliyofukuliwa katika ngome ya kale ya Masada, yenye umri wa miaka 2,000 hivi, ilioteshwa ikawa mti.

Sehemu kubwa ya kokwa ni nyuzinyuzi. Mafuta na protini ni kidogo. Utajiri wake ni polifenoli, hasa prosianidini na katekini, jamii ileile inayoleta ukakasi wa chai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya aina tatu za tende za Oman ulikuta gramu 3 hadi 4 na ushei za polifenoli katika kila gramu 100 za kokwa, nyingi kuliko zilizomo katika nyama ya tunda.

Kazi ya polifenoli hueleweka kwa mfano wa mafuta: ya mawese huchacha kwa sababu oksijeni huanzisha radikali huru, chembe zilizopungukiwa na elektroni ambazo hunyang'anya jirani zake, na jirani naye akanyang'anya mwingine. Polifenoli hukata mnyororo huo kwa kutoa hidrojeni yake, nayo yenyewe hubaki tulivu. Maabarani jambo hili huonekana kwa macho: dawa ya DPPH ni ya zambarau, na ikitiwa maji ya kokwa hufifia mpaka ikawa manjano.

Lakini chupa si mwili. Prosianidini kubwa hazipenyi utumbo mwembamba. Nyingi hufika utumbo mpana, ambako bakteria huzivunjavunja. Ndiyo maana mwaka 2012 Idara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la nguvu za antioksidanti za vyakula. Katika Kanyaruchinya, ambako maelfu ya waliokimbia vita wamewahi kulala chini ya mahema, unga wa kokwa usiuzwe kamwe kwa jina la dawa. Mtoto mwenye utapiamlo anahitaji protini, mafuta na nishati, na nyuzinyuzi za kokwa hazimpi hivyo.

Kinywaji ni jambo jingine. Kokwa huoshwa, hukaushwa, hukaangwa juu ya makaa mpaka ziwe kahawia, kisha husagwa. Kinachopatikana ni kinywaji cheusi kisicho na kafeini, kinachomfaa asiyeweza kunywa kahawa ya Kivu usiku. Kukaanga huharibu baadhi ya polifenoli, ingawa kugeuka kahawia nako huleta viambato vyenye kazi kama hiyo. Watafiti wamejaribu pia kutia dondoo la kokwa katika mafuta na nyama ya kusaga, na huko limechelewesha kuchacha.