Nauli ya Mwalimu Mtarajiwa

(Maneno tuliyosema mbele ya vikundi vya kujisaidia, Miasenyi)



Jua ni kali na wengine mmetoka mbali, kwa hivyo hatutazunguka sana. Tumekuja kuzungumza juu ya zile shilingi 2,000.

Habari yenyewe mnaijua, ila imesemwa kwa namna nyingi. Binti wa mama mmoja wa kikundi anasomea diploma ya ualimu wa shule za msingi. Chuo kilichagua wanafunzi wachache waende Mombasa kusikiliza mkutano wa elimu wa siku mbili, lakini nauli na chakula kila mtu ajitafutie. Mama yake alileta ombi, kikundi kikatoa 2,000 kwenye sanduku, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Pesa zile zilikuwa za tangi la maji. Mama mmoja alisimama akasema, "Tangi litakaa hapa, tutaliona. Huyu akienda Mombasa, tutaona nini?" Swali hilo si la kijinga. Sisi tuliokuwepo hatukuwa na jibu siku ile.

Sasa binti amerudi, akakaa nasi jioni nzima akitueleza. Yaliyomvunja moyo hakuyaficha.

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, hata akajifunga leso mabegani. Hotuba zilikuwa kwa Kiingereza. Asubuhi nzima ilikwisha kwa habari za kompyuta na jinsi mtoto atakavyojisomea mwenyewe. Yeye moyo wake ulikuwa huku, kwa watoto wanaokwenda shule na begi mkono huu na jerikeni ya lita 5 mkono ule.

Alasiri wakagawanywa katika vikundi vidogo, akapata ujasiri wa kuinua mkono. Akasema kwamba kwao kuna siku mtoto hawezi kutoka nyumbani kabla jua halijapanda, kwa sababu ya ndovu, na hivyo hukosa somo la kwanza. Akasema kusipokuwa na maji hakuna uji, na kusipokuwa na uji watoto wadogo hawaji. Katibu aliandika yote. Jioni ripoti iliposomwa, binti akatega sikio asikie ndovu. Akasikia neno moja tu: miundombinu. Basi. Ndovu, maji na uji vyote vilikuwa vimetiwa humo. Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Mikutano mikubwa zaidi nayo ina mambo yake. Mwezi wa Machi 1990, wajumbe wa nchi 155 walikutana Jomtien, huko Thailand, wakaahidi elimu kwa wote ifikapo mwaka 2000. Mwaka 2000 ulipofika wakakutana Dakar, Senegal, wakasogeza ahadi hadi 2015. Mwaka 2015 wakakutana Incheon, Korea Kusini, wakasema 2030. Mtu akisogeza deni namna hiyo katika kikundi chetu, angekwisha kupigwa faini! Lakini tusiwe wepesi wa kudharau. Ahadi zile ziliwapa watu mahali pa kushika. Januari 2003 serikali yetu iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Hata mzee Kimani Maruge wa Eldoret alianza darasa la kwanza mwaka 2004, akiwa na miaka 84. Na baadhi yenu mliokaa hapa na watoto mapajani, ninyi ndio mlioingia shule mwaka ule.

Haya, binti alituletea nini? Wakati wa chakula, siku ya pili, alikaa karibu na mwalimu mmoja mzee aliyestaafu. Mzee akamwambia, "Umesema vizuri, ila hapa hakuna mwenye ufunguo wa shule yenu. Bodi ya shule yenu ina nani?" Hakujua. Mzee akamwandikia kwenye daftari.

Tusikilizane vizuri hapa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inasema kwamba katika bodi ya shule ya umma kuna watu 6 waliochaguliwa kuwawakilisha wazazi. Wa mfadhili wa shule, ambaye mahali pengi ni kanisa, ni 3. Walimu wana mtu 1, na wengine wachache wamo pia. Hesabuni wenyewe: hakuna kundi linalowashinda wazazi kwenye meza ile. Na bodi hiyo ndiyo yenye kazi ya kuhakikisha majengo yanafaa na watoto wako salama. Maji yamo humo. Ndovu yumo humo.

Binti alipofika akawauliza wanakikundi, tajeni wale 6. Watu zaidi ya 20 mlikuwa pale. Yakapatikana majina 2, na mmoja wao ameshahamia Mariakani. Akageuka kutuuliza sisi wa kanisa juu ya wale 3. Tukainamisha vichwa, maana mmoja hajahudhuria mkutano tangu mwaka jana, na hatukuwa tumemuuliza sababu.

Mnasema mikutano ya wazazi huitwa siku ya kazi asubuhi, kwa barua ya Kiingereza aliyopewa mtoto, na mtoto ameipoteza njiani. Ni kweli. Basi barua ya kuomba mkutano ufanyike alasiri, na taarifa itolewe kwa Kiswahili, tayari imeandikwa. Iko hapa mezani, mtie sahihi au kidole gumba kabla ya kuondoka. Uchaguzi ukiitishwa, akina mama wawili wamekubali kusimama. Mmoja ni yule mama wa tangi.

Binti amesharudi chuoni. Katika zile 2,000 alibakiza 150, akazirudisha kwa mweka hazina, na zimeandikwa kitabuni.