Kahawa Yetu na Hati za Meli
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Wengi mmeuliza: kahawa tumeshaikoboa, magunia yamejaa ghalani, mbona tunasumbuana tena na makaratasi? Sikilizeni, jamani.

Baada ya mashambulio ya Septemba 2001, Marekani iliogopa silaha zisifichwe ndani ya makontena. Tangu Januari 2009, mnunuzi wa huko anayeagiza mzigo kwa meli hana budi kuipa forodha ya kwao habari kumi. Nyingi zinatakiwa saa 24 kabla mzigo haujapakiwa kwenye meli iendayo Marekani: nani kauza, nani kanunua, nani mzalishaji, mali imetoka nchi gani. Mahali kontena lilipojaziwa hutajwa pia. Akichelewa au akikosea, faini yaweza kufika dola 5,000 kwa kosa moja.

Faini ni yake, lakini habari ziko kwetu. Akiumia mara moja, mwakani atanunua kwingine.

Basi tuelewane. Jina la chama liandikwe namna moja katika kila hati. Hati zitoke siku ile ile kahawa inapotoka ghalani. Tusingoje meli itie nanga ndipo tutafute kalamu.