Kabla ya Kulaumu, Uliza Kilichosomwa
Hotuba fupi kwa wanafunzi wa zamani na wa sasa, Kikuyu, Dodoma



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutunza kompyuta serikalini. Nitaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe.

Ofisini tunaandika mafaili ya mashine kwa programu iitwayo Vim. Si ngeni Afrika Mashariki. Mtungaji wake, Bram Moolenaar wa Uholanzi, aliitoa mwaka 1991. Mwaka 1994 alijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, Uganda, na hadi alipofariki mwaka 2023 aliwaomba watumiaji wawachangie watoto hao.

Kila mtumiaji huwa na faili lake la mipangilio, .vimrc, katika makazi yake ndani ya mashine. Tulikubaliana kila mmoja aandike humo agizo moja: kitufe cha tabo kiingize nafasi za kawaida, maana mafaili ya YAML hayakubali mstari usogezwe ndani kwa alama ya tabo.

Siku moja huduma iligoma kuwaka. Faili lake lilikuwa na tabo, na aliyeliandika ni kijana aliyekuwa bado katika kipindi cha majaribio. Nilimkaripia mbele ya wenzake, nikaanza kuandika barua ya onyo. Akanijibu kwa upole, "Mzee, agizo nimeliandika." Akafungua faili lake la mipangilio. Kweli, limo.

Ndipo tukaiuliza mashine. Ndani ya Vim tuliandika :scriptnames, amri inayoorodhesha mafaili ya maagizo iliyoyasoma. La kijana halikuwamo! Faili la huduma alilifungua kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, na katika mashine ile Vim ilitafuta mipangilio katika makazi ya msimamizi huyo. Ni kama kubandika tangazo bweni hili, na kiranja anasoma ubao wa bweni lile.

Dawa yake ni sudoedit. Hiyo hufungua nakala ya faili kwa jina lako na kwa mipangilio yako, kisha hurudisha mabadiliko mahali pake. Na kama faili lako limesomwa lakini agizo halifuatwi, andika :verbose set expandtab? nawe utatajiwa faili lililoligusa agizo hilo mara ya mwisho. Huenda lililosomwa baadaye limelitangua lako.

Barua niliichana. Nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimkaripia.

Wanafunzi, siku moja mtakuwa na watu chini yenu. Kijana yule alitii. Agizo ndilo halikufika. Ulizeni kwanza kilichosomwa, ndipo mlaumu.