Kwa Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12-17

 

Leo nasema juu ya safari. Siyo ile ya kwenda mbinguni, hiyo tunaihubiri kila siku ya yenga. Nasema ile ya barabarani: baba kwenye usukani, mama pembeni, watoto nyuma.

Mnalijua somo. Yakobo anarudi kutoka kwa Labani baada ya miaka 20. Esau amekuja kumpokea na watu 400, wanaume watupu, hakuna aliyebeba mtoto mgongoni. Esau anasema twende, mimi natangulia. Yakobo anakataa kwa heshima. Anamwambia watoto ni wachanga bado, na kundi lina wanyama wanaonyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, watakufa wote. Bwana wangu atangulie, mimi nitakuja polepole, kadiri watoto wanavyoweza. (Kwamba baadaye hakwenda Seiri bali alikwenda Sukoti, hilo ni neno lingine. Yakobo alikuwa Yakobo bado.)

Mwaka jana, mwezi wa nane, nilikuwa Brussels kwa mdogo wangu. Kulikuwa na ndoa ya jamaa kule Lyon, Ufaransa, zaidi ya kilometa 700. Mke wake alitangulia kwa treni kusaidia mapishi. Sisi tukaondoka kwa gari: mdogo wangu, watoto wake wawili, mama yetu mzazi ambaye anaishi kwao tangu miaka mitatu, na mimi. Gari lenyewe ni la umeme.

Wengi wenu hamjapanda gari hilo, basi niwaeleze. Halina tangi la esansi. Chini ya sakafu kuna betri kubwa, na mbele ya dereva kioo kinaonyesha asilimia, kama simu yako. Ukikimbia sana asilimia zinashuka haraka. Baridi nayo inazila. Ukiteremka mlima ukaondoa mguu, mota inageuka kuwa mashine ya kuzalisha umeme, inakurudishia kidogo. Zikibaki kama 20, unatafuta kituo, unachomeka waya. Nusu saa hivi, unafika 80. Hapo watu wanachomoa na kwenda, kwa sababu kutoka 80 kwenda 100 inajaa taratibu mno. Betri inajilinda isiharibike. Kwa hiyo safari ndefu inakuwa ya kusimama, kwenda, kusimama tena. Utake usitake.

Tulisimama mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa karibu na Luxembourg, na mimi nilikasirika moyoni. Waya zote zilikuwa zimeshikwa na watu wengine, tukapanga foleni. Nilitazama saa. Nikamwambia mdogo wangu: kwa gari langu sasa tungekuwa tumepita Metz. Hakunijibu. Alikuwa anawamenyea watoto machungwa.

Mama ana miaka 74, magoti yanamuuma. Akashuka, akamshika mjukuu mkono, akatembea, akaenda chooni, akarudi, akaketi kwenye benchi na chupa ya maji. Nikaona anakunywa. Nikamtania, nikamwambia: Mama, leo una kiu sana. Akacheka kidogo, akasema: Mwanangu, katika gari lako kule kwetu nilikuwa sinywi maji. Tangu asubuhi ya safari nilikuwa sinywi.

Nikauliza kwa nini.

Akasema: Ili nisikusumbue.

Wapendwa, mimi nimesoma chuo cha Biblia. Nimefundisha somo hili la Yakobo na Esau zaidi ya mara moja, na sikuwahi kujua kwamba mama yangu amesafiri nami na koo kavu, kutoka Lubumbashi mpaka Kolwezi, kilometa kama 300, kwa kuogopa kuniambia simama. Kwenye mkutano wa Kolwezi nilihubiri juu ya maji ya uzima. Yeye alikuwa kiti cha mbele.

Tulipofika mbele ya Nancy, tukachaji tena. Mtoto mkubwa akaniuliza: Baba mkubwa, hii betri wameitoa wapi? Baba yake akamweleza kwamba ndani ya betri ya gari lao kuna kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka kwetu, Kolwezi, Fungurume, Likasi. Nikanyamaza. Kwenye ile barabara ya Taifa namba 1, ninayoyalaani kila mara ni makamyo, yale yanayobeba mabamba ya shaba na mifuko ya kobalti kwenda Kasumbalesa. Nayapita kwenye vumbi nikiwa na watoto nyuma, mama watoto anaita jina la Yesu, mimi nasema usiogope. Na sasa kile walichobeba ndicho kilichoniketisha kwenye benchi na mama yangu.

Sisemi mnunue gari la umeme. Sisi ambao hata simu tunachaji kwa kubahatisha! Lakini nataka mwone jambo moja katika sura ya 32. Usiku ule kabla ya kukutana na Esau, Yakobo alishindana na mtu mpaka alfajiri, akaguswa uvungu wa paja. Kulipokucha alikuwa anachechemea. Huyu ndiye anayesema: nitakwenda kwa mwendo wa watoto. Yule aliyekimbia nyumba ya baba yake, aliyekimbia nyumba ya Labani, sasa ana mguu unaouma, na kwa mara ya kwanza anahesabu hatua za walio nyuma yake.

Esau hakuwa mwovu siku ile. Alitaka kufika tu. Baba wengi hatuko waovu. Wachungaji nasi, tunatangaza kufunga siku 21, tunatangaza mchango wa mabati juu ya mchango wa saruji, na yule mjane wa kiti cha nyuma hasemi kitu. Tunadhani amekubali. Labda yeye naye hanywi maji ili asitusumbue. Mwulizeni. Mimi sikuuliza, miaka yote ile.

Niliporudi Lubumbashi nilimwambia mama watoto maneno ya Mama, nikamwuliza na yeye. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema: Na watoto pia, mimi ndiye ninayewaambia wasinywe.

Nikaomba msamaha, kwake kwanza, kisha kwa watoto mmoja mmoja.

Siku ya posho iliyopita tulikuwa na kilio Kolwezi. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi. Kilometa 120 mpaka Likasi, nikaegesha gari chini ya mwembe, nikazima injini. Hakuna aliyeshuka. Walidhani gari limeharibika. Nikasema: hapana, tunapumzika tu. Watoto wakatazamana. Kisha mama watoto akafungua chupa ya maji, akanywa, akampa wa kwanza.

Tuombe.