Kupita Bila Kupotea: Usanifu wa Itereta ya Rasilimali za Vifaa katika Kiini cha Linux



Mada yangu leo ni sehemu ndogo sana ya programu, mistari michache tu inayojibu swali moja: kinachofuata ni kipi? Ndani ya kiini cha mfumo endeshi swali hilo huulizwa kompyuta inapowashwa, kifaa kipya kinapochomekwa, na kiendeshi kinapodai eneo lake la anwani. Mistari hiyo ndiyo itereta. Hoja yangu ni kwamba itereta bora hubeba ugumu wote wa safari, ikaubeba mahali pamoja, ili anayeitumia abaki na kazi yake tu. Mifano yangu yote inatoka Linux, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu.

Kuuliza mara moja

Kadi ya mtandao au diski iliyounganishwa kwa PCI huwasiliana na prosesa kupitia maeneo ya anwani. Kwa kanuni za PCI, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1992, kifaa cha kawaida kina rejista 6 za kutaja maeneo hayo, kila moja ya biti 32. Ili kujua ukubwa wa eneo, kiini huandika 1 katika biti zote za rejista, kisha husoma kilichobaki. Jibu likiwa 0xFFFFF000, eneo hilo ni la KB 4.

Mahojiano hayo ni ghali. Kusoma rejista ya kifaa huchukua muda mrefu kuliko kusoma kumbukumbu kuu, na wakati wa kupima, kwa kawaida kifaa huzuiwa kwanza kuitikia anwani zake. Kwa hiyo kiini huuliza mapema na kuhifadhi majibu katika rekodi ya rasilimali: mwanzo, mwisho, jina, alama za aina, na vielekezi vitatu vya mzazi, ndugu na mtoto. Kuanzia hapo itereta husoma rekodi, haikigusi kifaa. Ufanisi wake mkubwa kuliko wote umepatikana kabla kitanzi hakijaanza.

Safu yenye mapengo

Rekodi za kifaa hukaa katika safu, na safu hiyo ina mapengo. Eneo la biti 64 hutumia rejista mbili, hivyo nafasi ya pili katika safu hubaki tupu. Daraja la PCI, linalounganisha njia moja ya PCI na nyingine, lina rejista 2 tu za aina hii, na madirisha yake, yaani maeneo ya anwani ya vifaa vilivyo nyuma yake, yamewekwa mbele zaidi katika safu ileile. Anayepita humo ni kama mgawa barua mtaani: nyumba isiyo na mtu si mwisho wa mtaa. Kitanzi kinachosimama kwenye pengo la kwanza kitaruka rasilimali halali, na hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Kitakachoonekana ni kifaa kisichofanya kazi, au maeneo mawili yaliyopewa anwani zinazogongana.

Kwa miaka mingi kila mwandishi alijiandikia kitanzi chake na kujichagulia kikomo. Mwaka 2023, Linux 6.4 ilileta makro ya pamoja, pci_dev_for_each_resource. Ile ya upande wa njia ya PCI, pci_bus_for_each_resource, ina sharti linalofaa kufundishwa darasani: endelea ikiwa kuna rasilimali, au ikiwa faharisi bado iko chini ya 4. Neno hilo "au" ndilo linalovusha mapengo. Baada ya nafasi hizo 4 inafuata orodha ya ziada, na humo kila hatua huhesabu upya kutoka mwanzo wa orodha. Kwa nadharia, gharama hukua kwa mraba wa urefu wa orodha. Lakini orodha hiyo kwa kawaida ni fupi, na msanifu mzuri huijua data yake kabla ya kuhangaikia kasi.

Mti usiohitaji steki

Rasilimali za anwani za kumbukumbu za mashine huunda mti: dirisha kuu lina dirisha la daraja, nalo lina maeneo ya vifaa. Msimamizi wa mfumo anaweza kuuona katika faili /proc/iomem. Vitabu vyetu hufundisha kupita mti kwa fankshini inayojiita yenyewe. Katika kiini njia hiyo ni hatari, kwa sababu kila mwito hula nafasi ya steki, na steki ya kila kazi kwenye x86 ya biti 64 ni KB 16 tu.

Linux hutumia vielekezi vitatu vilivyokwisha kuwamo katika rekodi. Kama kuna mtoto, shuka kwake. Kama hakuna, nenda kwa ndugu. Ndugu naye akikosekana, panda kwa mzazi mpaka umpate mzazi mwenye ndugu. Mti wote hupitwa bila steki ya ziada na bila kuomba kumbukumbu mpya, na kwa hiyo safari inaweza kufanyika huku kufuli lisiloruhusu kulala limeshikwa.

Mti unaobadilika

Swali gumu zaidi ni hili: vipi rekodi ikiondolewa wakati safari inaendelea? Vifaa huchomolewa. Itereta iliyoshikilia kielekezi cha rekodi iliyofutwa inasoma kumbukumbu ya mtu mwingine.

Fankshini walk_iomem_res_desc inalijibu vizuri. Hushika kufuli, hutafuta eneo linalofuata, hunakili maelezo yake, huachia kufuli, ndipo humpa mtumiaji nakala. Hatua inayofuata huanzia anwani iliyo baada ya mwisho wa nakala hiyo. Alama ya safari ni namba, na namba haifutwi na mtu. Gharama yake ni kutafuta upya katika kila hatua, na mimi nasema gharama hiyo ni halali, kwa sababu kasi inayoelekea kwenye kumbukumbu isiyo yako haina thamani.

Hata lugha yenyewe imechangia usalama huu. Mwaka 2022, Linux 5.18 ilihamia C11, ikaruhusu kigezo cha kitanzi kutangazwa ndani ya kitanzi na kuishia humo. Makro za mwaka uliofuata zinaitegemea ruhusa hiyo.

Wito

Wanafunzi wetu wengi humaliza shahada wakijua kutumia vitanzi, lakini hawajawahi kuulizwa kitanzi chao kinafanya nini kwenye pengo, kinatumia kumbukumbu ya nani, au kitakuwaje data ikibadilika katikati ya safari. Nawaomba walimu wenzangu tuyaingize maswali haya katika mitihani, na tulisome darasani faili la kernel/resource.c kwa uzito uleule tunaovipa vitabu vya kiada. Mashine ambazo hospitali na benki zetu zinazitegemea huendeshwa na msimbo wa aina hii. Tunao wajibu wa kuuelewa, na tunao uwezo wa kuuboresha.